Shajara ya Mradi: Kuyajibu Maandishi kwa Kamera

Siku ya 1

Kazi imeanza leo. Mwandishi mwenzangu amenikabidhi matini tatu ambazo hazijachapishwa popote: barua ya ukurasa mmoja, shairi la beti sita, na hadithi fupi yenye maneno kama 900. Makubaliano yetu ni mepesi kuyataja na mazito kuyatimiza. Nitazijibu matini hizo kwa picha za mnato, kila matini kwa mfululizo wake, na mwishoni maandishi na picha vikae pamoja katika kitabu kimoja kidogo pasipo kimoja kuwa mtumwa wa kingine.

Neno "kujibu" tumelichagua kwa makusudi. Mtu akiulizwa swali, akalirudia swali lilelile kwa sauti nzuri zaidi, atakuwa hajajibu. Na picha nyingi zinazowekwa kando ya maandishi hufanya hivyohivyo, kwa maana maandishi yakitaja mti, picha nayo huonyesha mti, na msomaji hupewa kitu kimoja mara mbili. Katika malumbano ya washairi, anayejibu hufuata bahari ya mwenzake na vina vyake, lakini huleta hoja yake mwenyewe. Nataka picha zangu zisimame mahali pale pa mjibu.

Nimejiwekea utaratibu wa kuisoma kila matini mara tatu kabla ya kugusa kamera. Usomaji wa kwanza ni wa kufuata kisa. Wa pili ni wa kupigia mstari kila kitu kinachoonekana kwa macho. Wa tatu ni wa kuandika, katika safu ya pembeni, yale ambayo matini imeyanyamazia. Ninadhani kazi yangu yote itatoka katika safu hiyo ya tatu, ingawa leo bado ni dhana tu.

Siku ya 3

Nimeanza na barua. Dada anamwandikia kaka yake akimwomba arudishe ufunguo wa nyumba ya marehemu mama yao. Hakuna lawama ya wazi hata mahali pamoja, lakini neno "ufunguo" limetajwa mara saba katika ukurasa mmoja, na kila linapotajwa sauti ya barua inazidi kukauka.

Nimepiga picha 42 za funguo: ufunguo mezani, ufunguo kiganjani, ufunguo uliotundikwa msumarini, ufunguo unaochungulia kutoka ndani ya bahasha. Jioni nimezitazama moja baada ya nyingine, na ingawa kadhaa zina mwanga mzuri, hakuna hata moja inayompa msomaji jambo asilolijua. Barua imeutaja ufunguo mara saba. Mimi nimeutaja mara ya nane.

Nimerudi kwenye safu ya tatu. Kitu ambacho barua haikukitaja kabisa ni mlango. Dada anaudai ufunguo, ila hasemi popote kama anakusudia kuingia.

Siku ya 4

Nimepata mlango wa zamani wa mbao wenye kitasa cha chuma, nikakaa mbele yake kwa muda wa saa tatu. Kuzunguka tundu la ufunguo rangi imekwanguka ikaacha umbo la nusu mwezi, na ndani ya nusu mwezi huo imo mikwaruzo midogo isiyohesabika, mingine imekwisha kuingia weusi wa vidole na mingine bado inang'aa kama imekwaruzwa jana. Ni alama za watu waliorudi usiku, wakapapasa kwa ncha ya ufunguo mpaka wakalipata tundu. Nilipoziona nilijua kwamba jibu la barua ndilo hili. Miaka yote ambayo ndugu wawili waliingia na kutoka katika nyumba moja imeandikwa na funguo zenyewe, mahali ambapo hakuna mtu aliyekusudia kuandika chochote.

Kuipiga picha mikwaruzo hiyo hakukuwa rahisi, kwa sababu mwanga ulipotoka mbele ya mlango uliifuta yote na kuacha mbao tambarare. Nililazimika kuisogeza taa ubavuni kabisa, mwanga wake ukiambaa juu ya uso wa mbao, ili kila mkwaruzo upate kivuli chake. Kamera ilikaa juu ya stendi, tundu la lenzi likiwa dogo, f/11, ili chuma na mbao vyote viwe wazi, na shata ikiachwa wazi kwa sekunde moja. Nimepiga picha tisa tu, na nne kati yake zinafaa. Tofauti ya hesabu hii na ile ya jana imenipa somo kuliko picha zenyewe.

Siku ya 7

Mfululizo wa barua umekamilika: mlango mzima ukiwa umefungwa, kitasa, ile nusu mwezi, na kizingiti kilicholika katikati kwa kukanyagwa. Ufunguo hauonekani popote. Nimemwonyesha mwandishi, naye amezitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza kama anaweza kubaki na nakala ya ile ya tatu.

Siku ya 9

Shairi ni tarbia ya kimapokeo. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyogawika 8 kwa 8, na vina vya kati na vya mwisho vimefuatwa bila kuteleza. Mshororo wa nne wa kila ubeti ni kibwagizo kisichobadilika: "Nimekaa dirishani, natazama njia yako." Msemaji anamngoja mtu. Shairi halisemi mtu huyo ni nani, wala halisemi kama alifika.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuufuata mgawanyo wa ukwapi na utao, yaani kila mshororo upate jozi ya picha, ya kushoto na ya kulia, na ukingo wa kila picha ya kushoto uwe na umbo linalojirudia ili lisimame badala ya kina cha kati. Nimefanya kazi siku nzima na nimepata jozi tano. Kila jozi ikitazamwa peke yake inapendeza. Zikipangwa pamoja, hata hizo tano tu, jicho linachoka na kuanza kuhesabu badala ya kuona, kwa sababu mizani katika shairi husikika ikipita, ilhali katika picha hukaa mahali pamoja na kujitangaza. Nimeziweka kando, na ninasikitika, kwa maana wazo lilikuwa zuri.

Siku ya 10

Nimelisoma shairi kwa sauti mara nyingi leo, na nimegundua mahali ambapo nguvu yake imekaa. Maneno ya kibwagizo hayabadiliki hata silabi moja, lakini maana yake inasogea, kwa sababu kila mara kinatanguliwa na mishororo mitatu tofauti. Katika ubeti wa kwanza ni matumaini, katika wa tatu ni ukaidi, na katika wa sita anayesema "nimekaa dirishani" ni kama amesahau kwamba angeweza kuinuka.

Basi na kamera ifanye hivyo. Nitaiweka mahali pamoja na fremu haitabadilika hata kidogo: dirisha, pazia lililofungwa upande mmoja, kiti kimoja. Kitakachobadilika ni mwanga peke yake, na kila picha itapigwa kwa saa yake kati ya asubuhi na usiku, ili beti sita zipate picha sita ambazo ni moja.

Siku ya 11

Nimebandika utepe sakafuni kuzunguka kila mguu wa stendi na kila mguu wa kiti. Lenzi ni ya milimita 50, tundu f/8, unyeti wa kamera kwa mwanga ISO 100, na hivyo vyote havitaguswa hadi usiku. Kasi ya shata pekee ndiyo itakayofuata mwanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilihitaji nusu sekunde. Saa sita mchana ilihitaji 1/30 ya sekunde. Saa moja usiku, baada ya kuwasha taa ya chumbani, ilihitaji sekunde nane.

Kuna jambo moja ambalo nisingelisimamia lingeuharibu mfululizo wote. Kamera ikiachiwa kurekebisha rangi yenyewe, itajitahidi kuufanya kila mwanga uonekane mweupe, na asubuhi, alasiri na usiku zitafanana. Nimeifunga kwenye kelvini 5,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambayo ni rangi ya mwanga wa mchana. Balbu ya nyumbani iko karibu na kelvini 2,700, kwa hiyo picha ya usiku imetoka na rangi ya chungwa iliyokolea, na ndivyo ninavyotaka, kwa kuwa anayekaa dirishani kutwa nzima huona rangi ya chumba chake ikigeuka hatua kwa hatua.

Siku ya 12

Kazi ya jana imeharibika. Kati ya picha ya saa tisa na ile ya saa kumi na moja na nusu niligonga mguu mmoja wa stendi, nikaurudisha ndani ya utepe wake kwa haraka, na nikaamini kwamba haitaonekana. Leo nimezipanga picha sita kwa mstari na mwimo wa dirisha unaruka kwa upana usiofika vidole viwili. Asiyeambiwa huenda asingeweza kusema kosa liko wapi, lakini angelihisi, kama vile sikio linavyohisi mshororo wenye mizani 17 kabla mtu hajaanza kuhesabu kwa vidole. Ningeweza kuzisogeza kwenye kompyuta na kuzikata kingo. Sikufanya hivyo, kwa sababu kiti nacho kingeonekana kwa pembe nyingine kidogo, na pembe haisogezwi kwa kukata. Nitarudia siku nzima kesho.

Siku ya 13

Nimerudia. Stendi haikuguswa. Leo pia kulikuwa na wingu saa tatu asubuhi, hivyo picha ya pili imepoa rangi kuliko ile ya juzi, na nimeipenda zaidi, kwa maana ubeti wa pili ndio wenye shaka.

Siku ya 15

Picha sita za fremu moja, zikifuatana bila kitu katikati, zinageuka kuwa jedwali la mwanga. Zinahitaji kitu cha kutangulia, kama kibwagizo kinavyotanguliwa na mishororo yake. Nimerudi katika chumba kilekile nikapiga picha za karibu sana: kitambaa cha kiti kilichobonyea, vumbi la kizingiti cha dirisha likiwa na njia ya kidole kimoja iliyopita na kurudi, pindo la pazia lililofifia upande unaopigwa na jua, saa ya ukutani ikionekana nusu, na alama ya paji la uso kwenye kioo. Hii ya mwisho sikuiandaa. Nilikuwa nimeegemeza kichwa changu pale nikisubiri saa ifike.

Siku ya 17

Hadithi fupi ndiyo inayonitia hofu. Fundi cherehani anapoteza uwezo wa kuona polepole na hataki wateja wajue, basi kila asubuhi, kabla ya kufungua, mtoto wa jirani humtilia uzi katika sindano 20 ambazo fundi huzichomeka kwa safu kwenye kipande cha nguo. Mtoto huyo ndiye anayesimulia, akiwa tayari mtu mzima. Hofu yangu ni uso. Kila msomaji akimaliza hadithi hii anakuwa na fundi wake kichwani, na mimi nikimwonyesha uso wa mtu fulani, fundi huyo atafutika na hatarudi tena.

Nimetazama walivyofanya waliotangulia. Mwaka 1874 mshairi Alfred Tennyson alimwomba mpiga picha Julia Margaret Cameron apige picha za mashairi yake marefu juu ya Mfalme Arthur, na Cameron akawavika mavazi jamaa, marafiki na watumishi, mumewe mwenyewe akiwa mchawi Merlin. Mchapishaji alipozigeuza picha hizo kuwa michoro midogo ya kuchonga katika mbao, Cameron hakuridhika, akatoa kwa juhudi zake toleo kubwa lenye picha zenyewe. Ninauheshimu sana moyo huo wa kutokubali picha ipunguzwe iwe pambo. Lakini nikizitazama leo ninawaona watu waliovaa mavazi kabla sijaliona shairi, isipokuwa pale uso mmoja unapojisahau na kuacha kuigiza.

Mwandishi wa riwaya Henry James alishika njia nyingine. Toleo la kazi zake zilizokusanywa, lililotoka kati ya mwaka 1907 na 1909 kwa juzuu 24, lilifunguliwa kila juzuu kwa picha moja ya mpiga picha Alvin Langdon Coburn, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo. James alimtuma akatafute milango, mitaa na nyumba katika miji ya Ulaya, na hakutaka awapige picha wahusika. Alieleza baadaye kwamba alitaka picha zisishindane na maandishi, ziwe ishara tu za mahali kwa ujumla. Busara yake ninaikubali nusu. Ni kweli kwamba milango ya Coburn haimfuti mhusika yeyote. Lakini picha iliyokatazwa kushindana hukatazwa pia kujibu.

Anayenisaidia zaidi ni Jeff Wall, mpiga picha wa Kanada, ambaye katika kazi aliyoikamilisha mwaka 2000 aliujibu utangulizi wa riwaya ya Ralph Ellison, mahali ambapo msimulizi anaishi chini ya ardhi katika chumba chenye balbu 1,369. Wall alikijenga chumba hicho na kuzitundika balbu 1,369 kwa hesabu kamili. Mtu yupo, ameketi, lakini ametupa mgongo na anaonekana kwa sehemu tu. Nimejifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kitu ambacho matini imekihesabu, nami nikihesabu. Pili, mgongo unatosha.

Siku ya 19

Sindano ziko 20, kwa safu, kwenye kipande cha nguo ya bluu. Mzee mmoja aliyewahi kushona kwa riziki yake amekubali mikono yake ipigwe picha. Nilimsomea hadithi nzima kwanza, nikamweleza kwamba uso wake hautaonekana na kwamba ana haki ya kuikataa picha yoyote hata baada ya kuchapishwa kwa majaribio.

Nilimwomba ashike uzi kama mtu anayejaribu kuupenyeza. Alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu, huwezi kuupeleka uzi sindanoni hivi hivi umechanua," aliniambia. Akaukata upya kwa mshazari kwa ncha ya mkasi, akaulowesha mdomoni, akaubana kati ya kucha za kidole gumba na cha shahada hadi ukabaki umechungulia kiasi cha punje, kisha akautuliza uzi bila kuusogeza, akauletea sindano. "Sindano ndiyo inayokwenda," alisema. "Mkono wenye uzi ukitembea, utatetemeka."

Hayo hayamo katika hadithi. Mtoto anasema tu kwamba alitia uzi. Nimempigia simu mwandishi papo hapo, naye hakulijua. Picha ya kucha mbili na ncha ya uzi iliyolowa, sindano ikiijia kutoka kulia, ndiyo picha bora niliyoipata tangu mradi uanze, na imetoka kwa mtu aliyeijua kazi kuliko mwandishi na mpiga picha.

Kwa ukaribu ule, eneo lililo wazi katika picha ni milimita chache tu, na mzee akipumua tundu la sindano linatoka nje yake. Nilifunga tundu la lenzi hadi f/16 nikaongeza taa, na bado kati ya picha 60 ni tatu tu ambazo tundu na uzi vyote viko wazi.

Siku ya 21

Jaribu la leo lilikuwa la kuonyesha upofu unaokuja kwa kuzipiga picha zikiwa na ukungu, ukungu ukizidi kutoka picha moja hadi nyingine. Nimezipiga, zinapendeza, na nimezikataa. Mtazamaji anaelewa hila hiyo kwenye picha ya pili, na zinazofuata hazimwongezei kitu. Tena hadithi haisimuliwi na fundi bali na mtoto, ambaye macho yake yalikuwa mazima. Ukungu ungekuwa uongo juu ya nani anayeona. Nikiangalia kwa macho ya mtoto, sindano zote 20 ziko wazi kabisa, na kilicho mbali, kisichoeleweka kwake, ni yule mzee. Ndiyo maana mgongo wa mzee uko nyuma ya safu ya sindano, umefifia, na sindano zinang'aa mbele yake moja moja. Hapa ukungu una sababu.

Siku ya 25

Nimechapisha picha 31 kwa karatasi ndogo za sentimita 10 kwa 15 na kuzitandaza sakafuni, kwa sababu skrini huonyesha picha na sakafu huonyesha mfululizo. Mtengenezaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, husomwa kuwa na hisia tofauti kulingana na picha inayouandamia. Leo nimeliona jambo hilo kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipoiweka picha ya cherehani iliyofunikwa kitambaa baada ya safu ya sindano zenye uzi, ilikuwa asubuhi kabla ya kazi. Nilipoiweka baada ya sindano ambazo hazina uzi, ilikuwa kifo. Karatasi ni ileile.

Nimechagua mpangilio wa kwanza. Hadithi inamwacha fundi akiwa hai, na sina haki ya kumwua kwa kupanga karatasi.

Siku ya 28

Swali la maneno chini ya picha. Roland Barthes, mwanazuoni wa Ufaransa, aliandika mwaka 1964 kwamba maneno yanayoandamana na picha hufanya moja ya kazi mbili: ama huitia nanga, yaani huifunga maana yake isielee, ama hupokezana nayo, kila kimoja kikibeba sehemu ambayo kingine hakiibebi. Duane Michals, Mmarekani aliyeanza kupiga picha za mfululizo katika miaka ya 1960, alikwenda mbali zaidi akawa anaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya picha, na mara nyingi maandishi yake husema kile ambacho lenzi haikuweza kukiona.

Kwetu sisi maandishi yalitangulia, hivyo kuongeza maelezo chini ya picha kungekuwa kuitia nanga meli ambayo tayari iko bandarini. Nimeyaondoa yote. Hata hivyo wazo la kupokezana limenipeleka mahali ambapo sikutarajia. Ikiwa picha ya dirisha ndiyo kibwagizo, kwa nini kibwagizo kichapishwe pia? Nimepanga kurasa za shairi upya: ubeti wa kwanza uko kamili, na kuanzia wa pili mishororo mitatu imechapishwa, na mahali pa wa nne pamewekwa picha ya dirisha.

Siku ya 29

Mwandishi amekataa. "Ndugu yangu, ukiniondolea mshororo umenivunjia ubeti," amesema, na ana haki ya kusema hivyo, kwa maana tarbia ni minne na siyo mitatu. Nimemwomba tuwape wasomaji kwanza kabla hatujaamua.

Siku ya 31

Wasomaji watatu, kila mmoja peke yake, bila kuelezwa chochote. Wawili kati yao, walipofika ubeti wa tatu, waliutamka mshororo uliokosekana kwa sauti mara tu macho yalipofika kwenye dirisha; mmoja wao hata hakutambua kwamba haukuchapishwa, na nilipomwonyesha alirudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha. Wa tatu alisoma kimya, nami sikumwuliza.

Barua haikuhitaji maelezo. Katika hadithi, wote walisimama kwenye kucha na uzi.

Kilichonisumbua ni picha ya sita ya shairi, ile ya usiku. Msomaji mmoja aliitazama taa iliyowashwa akatabasamu: "Kumbe alirudi." Mwingine alisema kwamba msemaji amekata tamaa, amewasha taa na kwenda kulala. Wote wawili walikuwa na uhakika, na wote wawili walikuwa wamejibiwa swali ambalo shairi lililiacha wazi kwa makusudi.

Siku ya 33

Tumekaa pamoja juu ya kurasa za shairi tangu asubuhi. Mwandishi amekubali picha ishike nafasi ya kibwagizo katika ubeti wa pili hadi wa tano, baada ya kusikia habari za wale wawili walioutamka mshororo wenyewe. Kwa ubeti wa sita ameomba maneno yarudi. Anasema msemaji amekuwa kimya kwa beti nne, dirisha likimsemea, na mwishoni ni lazima tumsikie kwa sauti yake ili tujue bado yupo.

Nikamwuliza, basi picha ya usiku iende wapi. Hakujibu moja kwa moja. Aliichukua, akaipongeza rangi yake, akaiweka kifudifudi.

Siku ya 34

Nimelala na jambo hilo. Ile ni picha iliyonichukua siku mbili nzima, na sekunde nane zake ndizo ndefu kuliko zote katika mradi huu. Rangi ya chungwa imeangukia mkono wa kiti kwa namna ambayo sitaipata tena. Lakini nimekuwa nikisema tangu siku ya kwanza kwamba kazi yangu iko katika safu ya tatu, kwenye yale yaliyonyamaziwa, na sikuwahi kujiuliza kama yapo ambayo yamenyamaziwa ili yabaki hivyo. Mwandishi ameliona hilo kabla yangu.

Hesabu ya mwisho ni picha nne za barua, kumi za shairi na saba za hadithi. Picha ya usiku nimeitoa. Ukurasa wa ubeti wa sita una mishororo yake minne, na ukurasa wa kulia hauna kitu.